Jinsi ya kuishukuru barabara iliyo wazi, kwa vitendo

Wengi wetu tunashukuru safari ikishaisha. Umefika, umezima injini, unanyoosha mgongo, unasema asante Mungu nimefika salama, basi imeisha hiyo, kesho asubuhi unawasha tena gari ukiwa umenuna. Sio vibaya, ila ukiangalia vizuri hapo umeshukuru kufika tu, ile barabara yenyewe na ile hali ya kuamka ukaamua naenda sehemu fulani na ukaenda kweli bila kumpigia mtu magoti hujaigusa kabisa. Na hicho ndo kitu kikubwa.

Mwongozo huu ni wa hicho kilichobaki. Ni kwa mwenye gari, mwenye pikipiki, mwenye baiskeli, na pia kwa abiria wa siti ya dirishani ambae kwa maoni yangu ndo anafaidi safari kuliko wote. Sio mambo ya kufumba macho na kuvuta pumzi ndefu (na tafadhali usifumbe macho ukiwa kwenye usukani). Ni vitu vya kufanya kabisa, vingine kabla hujatoka, vingine ukiwa njiani, vingine ukisharudi. Kanuni yangu moja tu ambayo utaiona inajirudia humu: usiishukuru barabara kama kitu, tafuta mtu nyuma yake. Barabara ikiwa wazi kuna watu waliifungua, kuna watu wanaishikilia, na kuna wageni kibao usiowajua ambao muda huu huu wanakuruhusu upite.

Kwanza jua ulichonacho mkononi

Hii fanya siku moja au mbili kabla ya safari, jioni moja inatosha. Tafuta usome habari za mahali na wakati ambapo mtu wa kawaida kama wewe alikuwa haruhusiwi kuondoka. Usisome juujuu, chagua sehemu moja uikalie. Nakupa za kuanzia.

Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, sheria ya 1952 ilimtaka kila mtu mweusi aliyefika miaka 16 atembee na kitabu cha pasi, na kwenye hicho kitabu kuna jina la mwajiri, kuna mihuri, kuna ruhusa ya kuwepo eneo fulani, polisi akikuta hauna au mhuri umepitwa na wakati unalala ndani. Yaani unatoka nyumbani kwenda kumuona ndugu yako na kosa lako ni kwamba umeenda. Agosti 9, 1956 wanawake wapatao 20,000 waliandamana mpaka Pretoria kuzikataa hizo pasi, na Machi 21, 1960 pale Sharpeville polisi waliua watu 69 waliokuwa wanaandamana kwa jambo hilohilo. Sheria zenyewe zilikuja kufutwa 1986. Fikiria, 1986, kuna watu wengi tu unawaita dada na kaka walikuwa wameshazaliwa.

Kenya ya mkoloni ilikuwa na kipande, hiki kilianza kutumika kwa nguvu miaka ya 1920, mwanaume anakivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma, ndani kuna alama zake za vidole na kumbukumbu za kazi, asipopata saini ya mwajiri kwamba amemwachia basi hawezi kwenda kutafuta kazi kwingine. Urusi ya Kisovieti ilianzisha paspoti za ndani ya nchi mwishoni mwa 1932 na wakulima wengi wa mashamba ya ushirika hawakupewa, wakakaa hivyo mpaka mabadiliko ya 1974. Berlin waliamka Agosti 13, 1961 wakakuta waya unakatiza mitaa ambayo jana yake walipita, baadaye ukawa ukuta, na ukuta ukasimama mpaka Novemba 9, 1989, watu wasiopungua 140 wakafa kwa sababu yake. Marekani nako, mtu mweusi mwenye gari lake zuri kabisa na tenki limejaa alikuwa anapanga safari kwa hofu, kuanzia 1936 kulikuwa na kitabu kinachapwa cha kumwonyesha hoteli, gereji na vituo vya mafuta ambavyo havitamfukuza. Na Saudi Arabia wanawake wameanza kuendesha magari kihalali Juni 24, 2018, hiyo sio historia ya bibi, hiyo ni juzi.

Sasa ukishasoma usiishie kusikitika, maana huruma peke yake inapoa haraka. Chukua karatasi uandike sentensi moja tu: kwenye safari yangu hii ningekuwa ni mtu wa kule na wakati ule, ningezuiwa wapi? Pita na njia yako kichwani. Hapa darajani wangenisimamisha, hapa ningehitaji barua ya bosi, hapa nisingeruhusiwa kulala. Ukifanya hivyo kwa safari yako mwenyewe, yenye jina la mahali unapoenda kesho, inakuingia tofauti kabisa na kusoma tu kwamba zamani watu waliteseka.

Na kama hutaki mambo ya mbali basi kumbuka 2020. Nchi kibao zilifunga, barabara zikabaki tupu, watu walikuwa wanaonana kwa simu na wazee wao wako mwendo wa saa moja tu kwa gari. Wengi tuliapa kwamba zikifunguka hatutalalamika tena, na nadhani kiapo hicho kilidumu kama wiki tatu hivi. Kikumbuke.

Kitu cha mwisho kwenye hili. Desemba 10, 1948 Umoja wa Mataifa ulipitisha Azimio la Haki za Binadamu, na kifungu cha 13 kinasema kila mtu ana haki ya kwenda atakako na kuishi atakako ndani ya nchi yake, na pia kutoka nchi yoyote, hata ya kwake, na kurudi. Ni mistari miwili tu. Kisome kabla ya kuwasha gari, alafu uwashe.

Shukrani inaanzia kwenye tairi

Najua unaweza kusema hii imetoka wapi, tulikuwa tunaongea mambo mazito. Lakini mtu anayesema anathamini kusafiri alafu tairi zake ni kipara huyo anajidanganya. Gari bovu barabarani linafunga njia ya wengine, linaua wengine, na uhuru ule tuliousoma hapo juu ukimfia mtu mikononi kwa sababu ya breki ambazo ulijua zinalia wiki nzima, hapo hamna shukrani.

Kwa hiyo kagua. Upepo wa tairi pima asubuhi kabla gari halijatembea, maana tairi ikipata moto upepo unapanda na kipimo kinakudanganya, na kiwango sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, sio ule mkubwa ulioandikwa kwenye tairi yenyewe, ule ni wa mwisho kabisa tairi inayoweza kubeba. Mistari ya tairi ikishuka chini ya milimita 1.6 nchi nyingi zinahesabu hiyo tairi imekwisha kisheria, na kwenye mvua mimi ningeiacha mapema zaidi ya hapo. Angalia na umri wake, ubavuni kuna tarakimu nne, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Spea isisahaulike, kuna watu wanajua wana spea ila hawajawahi kuiangalia toka wanunue gari, ina upepo nusu na jeki haipo. Taa zote, mpaka za breki, mwambie mtu asimame nyuma ukanyage. Wipa. Oili. Maji ya rejeta yaangalie injini ikiwa baridi, usifungue mfuniko wa rejeta yenye moto hata siku moja, mvuke wake unaunguza uso.

Alafu mkanda. Ule mkanda wa pointi tatu tunaovaa leo uliletwa 1959 na injinia wa Sweden anaitwa Nils Bohlin, alikuwa Volvo, na kampuni ikaacha hataza yake (haki ya kuutengeneza peke yake) wazi ili watengenezaji wengine wautumie. Wangeweza kuufungia na kuuza kwa mbwembwe. Shirika la Afya Duniani linasema mkanda unaweza kupunguza hatari ya kufa mpaka kwa nusu. Basi kila ukisikia ule mlio wa klik, mtaje huyo mtu, au hata kama jina limekutoka sema asante mzee wa mkanda. Utacheka mara ya kwanza. Mara ya pili watoto wa siti ya nyuma watasema kabla yako. Na wavae na wao, nyuma pia ni ndani ya gari.

Ukiwa njiani

Hapa ndo penyewe, na hapa ndo tunapopoteza, kwa sababu akili ikishashika njia inaanza kuhesabu kilometa zilizobaki. Dawa yake ni kuipa akili kazi ndogo. Kila saa moja ya mwendo chagua kitu kimoja cha barabara na ukitafutie mtu wake. Kama unaendesha fanya kichwani tu bila kuangaza angaza, kama ni abiria unaweza kufanya kwa raha zako zote.

Mfano saa ya kwanza chagua lami. Angalia vile barabara imeinuka kidogo katikati na kushuka pembeni, hiyo imefanywa makusudi ili maji ya mvua yasikae juu, yashuke kwenye mfereji, mfereji uyapeleke kwenye kalavati, yapite chini ya miguu yako wewe ukiwa hata hujui. Maji ndo adui wa barabara kuliko malori. Mwanzoni mwa karne ya 19 kuna Mskoti, John Loudon McAdam, alisisitiza hicho kitu, kokoto ndogo ndogo zishindiliwe kwa tabaka na barabara iwe juu kuliko ardhi ya pembeni ili ibaki kavu, na 1902 Edgar Purnell Hooley huko Uingereza akapata hataza ya kuchanganya kokoto na lami. Lakini usiishie kwa hao wenye majina. Kuna mtu alishika koleo hapo ulipo. Kuna mtu alisimama juani na bendera nyekundu siku nzima anameza vumbi la magari ili upande mmoja usimame na mwingine upite. Hawa ndo wa kuwashukuru na njia ya kuwashukuru ni rahisi mno: ukikuta watu wanatengeneza barabara punguza mwendo mpaka kiwango walichoandika, na sio kupunguza kwa kuonyesha taa za breki tu, punguza kweli, mpungie mkono yule wa bendera. Hakuna mtu anayewapungia. Wengi wanapigiwa honi.

Saa nyingine chagua mstari wa katikati. Huu mimi ndo unanishangaza kuliko yote. Wewe uko kilometa 80 kwa saa unaenda, mwenzio yuko 80 anakuja, mnapishana kwa mita moja na kitu na kilichopo katikati ni rangi. Rangi tu, haizuii hata kuku. Kinachowazuia msigongane ni makubaliano na mtu ambae hujawahi kumuona, hamtaonana tena, na kwa safari moja unakubaliana hivyo na maelfu ya watu na karibu wote wanatimiza ahadi. Kama unataka kuona vile ni makubaliano matupu soma habari za Sweden, Septemba 3, 1967 saa kumi na moja alfajiri nchi nzima ilihama kutoka kuendesha upande wa kushoto ikaenda kulia. Watu walisimama, wakavuka upande wa pili, wakaendelea. Basi unapopishana na lori kubwa usiku, limeshusha taa zake na limebaki upande wake, huyo dereva amekufanyia wema. Na wewe shusha zako mapema, usisubiri akukumbushe.

Usiku angalia vile vioo vidogo vinavyong'aa kwenye lami ukivimulika. Mtengeneza barabara mmoja wa Uingereza, Percy Shaw, alivipatia hataza 1934, na kwenye ukungu vimeshaokoa watu wasiohesabika ambao hawakuwahi kumsikia.

Na ukiona safari inakuchosha, unalalamika kituo cha mafuta kiko mbali, mkumbuke Bertha Benz. Agosti 1888 huyu mama aliondoka asubuhi na wanae wawili wa kiume, bila kumuaga mumewe Carl, wakachukua gari la magurudumu matatu alilounda mumewe, wakatoka Mannheim kwenda Pforzheim kwa mama yake, safari ya kama kilometa 100 hivi. Vituo vya mafuta havikuwepo duniani, alinunua kimiminika cha kuondolea madoa kwenye duka la dawa kule Wiesloch akakitumia kama mafuta. Bomba likaziba, akalizibua kwa pini ya kofia. Waya ukachunika, akaufunga na mkanda wa soksi. Breki zikaisha, akamwambia fundi viatu agongelee ngozi. Milimani gari likashindwa, wakasukuma. Walifika usiku wakampelekea Carl telegramu. Watu walikuwa hawaamini hicho kidude kinaweza kwenda mbali, yeye akaenda. Huo ndo uhuru wa barabara wakati barabara zenyewe zilikuwa za farasi, na sisi huku tunanuna kiyoyozi hakipozi vizuri.

Mwendo, usingizi na simu

Nitapita haraka maana haya unayajua, shida sio kujua. Mwendo wa 100 kwa saa unakula karibu mita 28 kila sekunde, kwa hiyo ukitazama meseji kwa sekunde tatu umepita zaidi ya mita 80 ukiwa kipofu. Ukizidisha mwendo mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki unakuwa mara nne, sio mara mbili, hiyo ni fizikia haina ubishi wala maombi. Duniani watu wapatao milioni 1.19 wanakufa barabarani kila mwaka kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, na zaidi ya nusu ni watembea kwa miguu, wa baiskeli na wa pikipiki.

Usingizi unataka heshima yake. Mwili unalegea zaidi kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili asubuhi, na tena mchana baada ya kula. Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo uendeshaji wake unafanana na wa mtu aliyekunywa pombe. Simama kila baada ya saa mbili hivi, hata kama hujachoka, hasa kama hujachoka. Ukisinzia usifungue dirisha na kuongeza mziki ukidhani umemaliza, haisaidii, egesha sehemu salama ulale dakika 15 mpaka 20, kahawa ukiinywa kabla ya kulala hapo inakuja kufanya kazi ukiamka. Na usimamapo usishike simu mara moja. Shuka, tembea, sikiliza pale ulipo kuna sauti gani, maana kusimama popote unapotaka nako ni sehemu ya huo uhuru, wafungwa wanasafirishwa kwenye barabara hizihizi na hawasimami wanapotaka.

Abiria na wewe una kazi

Abiria hana usukani ila ana macho ya bure. Chukua dirisha. Weka simu mfukoni walau kwa robo ya safari. Usihesabu unabakiza saa ngapi, angalia vile udongo unabadilika rangi, vile nyumba zinabadilika paa, vile mito mingine ina maji na mingine imebaki mchanga. Kama dereva anakimbiza gari ovyo, mwambie, kwa adabu lakini kwa sauti ya kusikika, na mara nyingi ukianza wewe wengine wanaunga mkono, walikuwa wanaogopa kuwa wa kwanza. Wala hiyo sio kukosa shukrani. Ukifika mwambie dereva asante ukimtazama usoni, awe wa basi, wa teksi au shemeji yako aliyekupa lifti, kazi ya kukaa macho kwa niaba ya watu 50 ni nzito kuliko inavyoonekana.

Ukisimamishwa, au njia ikiwa imefungwa

Hapa ndo shukrani inapimwa maana ni rahisi kuwa mpole kwenye lami mpya. Kizuizi cha ukaguzi, mpaka, foleni ya saa mbili, daraja limebomoka. Kwanza jiandae ili usiwe wewe ndo chanzo: leseni, bima, kadi ya gari, paspoti na viza kama unavuka, vyote kwenye bahasha moja inayofikika bila kupekua begi. Kama unaenda kuendesha nchi nyingine angalia kama wanataka kibali cha kimataifa cha kuendesha, vinatolewa chini ya mikataba ya 1949 na 1968, unakipata nchini kwako kabla ya kuondoka na unakibeba pamoja na leseni yako, chenyewe peke yake hakitoshi.

Ukishakuwa umesimama usianze kupanga matusi. Tumia huo muda kukumbuka kwamba kwa wengine kizuizi hakifunguki. Mpaka wa nchi kavu kati ya Algeria na Morocco umefungwa toka 1994, kuna ndugu wako pande mbili wanaonana kwa mbali. Korea mbili zimetenganishwa toka 1945. Ile barabara kuu ya mabara ya Amerika inakatika pale Darién, kati ya Panama na Colombia, kama kilometa 100 za msitu na matope hazina barabara, na kwa miaka watu wamepita kwa miguu na watoto mgongoni kwa sababu hawakuwa na njia nyingine. Kwa upande wa pili, kule Ulaya mwaka 1985 nchi tano zilisaini mkataba kwenye kijiji cha Schengen huko Luxembourg, 1995 ukaanza kufanya kazi, na leo mara nyingi mtu anavuka kutoka nchi kwenda nchi anashtukia tu rangi za vibao zimebadilika. Watu hao babu zao walipigana vita viwili kwenye mipaka hiyohiyo. Inawezekana kufunga na inawezekana kufungua, na kote ni maamuzi ya watu.

Ila nisieleweke vibaya. Kushukuru sio kunyamaza. Kuna watu ukisema barabara ina mashimo wanakwambia shukuru hata hiyo ipo, hiyo ni njia ya kumlinda aliyekula hela ya kokoto. Shimo lipige picha, andika ni kilometa ngapi, peleka kwa wanaohusika na barabara, na ukipita tena kama bado peleka tena. Ukiombwa rushwa na mtu anayesimama barabarani hujakosa shukrani ukikataa. Na kama wewe unapita kirahisi kwa sababu ya paspoti yako au rangi yako au jinsia yako na aliye nyuma yako kwenye foleni anapekuliwa mpaka soksi, hilo nalo lione. Usigeuze uso.

Njia sio yako peke yako

Fupi tu. Barabara kuu inapita mlangoni kwa watu. Kwako wewe ni sehemu ya kupita, kwao ni sehemu mtoto anavuka kwenda shule. Shusha mwendo kwenye makazi hata kama hakuna tuta na hakuna askari. Mwache anayetaka kuovateki apite, huongezi wala hupunguzi kitu. Takataka kaa nazo kwenye gari mpaka ufike, chupa ya plastiki ikitupwa dirishani inaziba lile kalavati tulilolisifia. Honi ya usiku mwamshie nayo mnyama aliye barabarani, sio rafiki yako anayelala ghorofani.

Ukisharudi

Nunua kijitabu kidogo kikae kwenye gari au kwenye begi. Kila safari andika mistari mitatu kabla hujalala: nilipita wapi, nani alinirahisishia, na nini kingeweza kunizuia ila hakikunizuia. Huu mstari wa tatu ni mgumu mwanzoni, alafu unakuwa mtamu kuliko yote. Usiandike mambo makubwa, andika "yule dereva wa lori aliyenionyesha kwa indiketa kwamba mbele hakuko sawa" au "mvua ilianza tulipofika". Picha za stetasi weka ukitaka, sizikatazi, ila kijitabu usimwonyeshe mtu kwa muda, ukianza kuandika kwa ajili ya kuonyesha utaanza kupamba.

Na kama una nafasi kwenye gari, safari inayofuata mchukue mtu ambae hatoki. Karibu kila ukoo yupo. Mzee ambae magoti yamegoma, mama mwenye mtoto mgonjwa ambae miaka anajua njia ya hospitali tu, jirani wa kiti cha magurudumu ambae wote wanasema tutamchukua siku moja. Huyu usimbebe kama mzigo wa huruma, mpange kama msafiri. Muulize anataka kwenda wapi na anataka kupita njia gani, kisha pita hiyo hata kama ni ndefu. Mpe siti ya mbele na uisogeze nyuma mpaka miguu ikunjuke. Uliza mapema dawa zake ni saa ngapi, choo cha njiani kinachomfaa kiko wapi, na kama ni kiti cha magurudumu pima buti kabla ya siku yenyewe, usije ukaanza kuhangaika nacho mbele yake. Simama mara nyingi kuliko ulivyozoea, na ukiona amenyamaza anaangalia nje usimchangamshe kwa stori, muache aangalie. Mkirudi panga naye tarehe nyingine palepale kabla hajashuka.